Mbuzi Aliowaona Shangazi Tehit

Shangazi yangu Tehit hajatembea kwa miguu tangu akiwa na miaka minne. Homa ilimpata wakati wa joto, ikaondoka na nguvu za miguu yote miwili. Hujisogeza kwa mikono, ameketi chini, viganja amevivalisha vipande vya ngozi ya mbuzi alivyoshona mwenyewe. Mji wetu wote wa Djanet, huku jangwani Sahara, unamjua kwa mifuko ya ngozi anayoshona, na kwa ulimi wake.

Baba yangu, Khamadine, ni mdogo wake. Kwa miaka thelathini amewapandisha wageni kwenye uwanda wa juu wa Tassili, kuwaonyesha makaburi ya kale na picha za ng'ombe ambazo watu wa zamani walichora mwambani. Kila akirudi humsimulia dada yake, naye husikiliza huku anashona. Majira ya baridi yaliyopita alimkatiza.

"Khamadine, umenisimulia hao ng'ombe mpaka nawajua mmoja mmoja. Nitawaona lini?"

"Dada, njia ile ni mawe matupu. Hata punda inabidi wasukumwe."

"Kwani ngamia hupita wapi?"

Ngamia huzunguka mbali, siku tatu badala ya moja, na wageni hawana subira hiyo.

"Nitakuangusha," Baba akasema.

"Ulishaniangusha ukiwa na miaka kumi, uliponibeba mgongoni twende tukaibe tende. Nilikufa?"

Tukaondoka watatu. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilishika kamba ya ngamia. Mikanda ya tandiko alishona Shangazi, kwa sababu mafundo ya baba hakuyaamini. Palipokuwa na mteremko mkali ngamia hakuweza kupita na mtu juu, basi baba akainama, dada yake akamshika shingoni.

"Unahema kama mvukuto wa mhunzi," Shangazi akamwambia.

"Umenenepa."

"Ni nguo. Kuna baridi."

Siku ya tatu tulipita kwenye makaburi ya kale, duara za mawe zilizotulia mchangani. Shangazi akaniambia nisimamishe ngamia, akawasalimu waliolala pale kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani. Mchana tukafika kwenye mwamba wa ng'ombe.

Tulimshusha, akaketi mbele ya ukuta. Baba akakohoa kidogo, akaanza yale maelezo anayowapa wageni.

"Nyamaza kwanza," Shangazi akasema.

Alitazama muda mrefu sana. Chai ya kwanza ikapoa kando yake. Ukutani walichorwa wanawake waliopanda ng'ombe, wamepakia kila kitu chao. Akanyoosha kidole bila kugusa. "Ona mfuko ule. Amejua kuufunga huyu."

Upepo ulipozidi alijisogeza ukutani kutafuta kinga, mpaka mahali mwamba unaposhuka karibu kugusa mchanga. Tukawa hatumwoni tena. Kisha tukasikia sauti yake.

"Na hawa mbuzi, mbona hukuniambia?"

"Mbuzi gani? Hapa hakuna mbuzi."

"Lala chini uwaone."

Baba akalala kifudifudi, kilemba kikakwama mwambani, akanung'unika, akakivua. Nami nikalala nyuma yake. Shubiri moja tu juu ya mchanga kulikuwa na mbuzi saba wekundu, wadogo kama kucha, na nyuma yao mtu ameketi. Baba alipotoka, ndevu zimejaa mchanga, macho yake yalikuwa na machozi.

"Miaka thelathini natua mizigo hapa," akasema.

"Ulikuwa unatua umesimama," dada yake akamjibu, akampangusa mchanga usoni kwa ncha ya shuka lake.

Tuliporudi baba aliwaeleza watu wa hifadhi, nao wakapanda kupima na kupiga picha. Siku hizi waongozaji wote hulala chini pale, na mahali penyewe wanapaita Mbuzi wa Tehit. Shangazi anasema angependa zaidi wangemletea mbuzi wa kweli.

Majira haya ya baridi anataka kuona picha za kwenye korongo moja lililo mbali zaidi. Baba amesema magoti yake yamekataa, kwa hiyo mbebaji ni mimi. Jana Shangazi alinipima mabega kwa uzi, akayabonyeza hapa na pale, akasema yatafaa ila nipunguze kulala, maana yamelegea.