Bulamatari

Mwaka jana bahasha yenye nembo ya serikali ilifika kwetu Yeoville, ikiwa na jina la mama yangu. Nilipompa, aliirudisha mezani bila kuifungua. "Hiyo ya Bulamatari," alisema. "Isome wewe."

Neno hilo nimelisikia tangu utoto wangu Lubumbashi, nikidhani ni jina la mtu fulani mkali. Binti yangu, aliyezaliwa hapa Johannesburg, ndiye aliyemuuliza bibi yake, "Kambo, Bulamatari ni nani?"

Mama alimkalisha karibu yake, akamweleza polepole. Kwa Kikongo, bula ni kuvunja, matari ni mawe. Zamani mzungu mmoja alipasua majabali kando ya mto Kongo ili apitishe barabara, na watu wakamwita mvunja mawe. Baadaye jina likahamia kwa utawala wote wa Wabelgiji, kuanzia gavana hadi karani wa kodi.

"Baba yangu akisikia Bulamatari anakuja, alikimbilia porini," alisema. "Walikuwa wanakamata wanaume kwa kazi ya lazima."

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo ya babu. Nilifungua barua, nikawasomea: kibali cha mama cha ukaazi kilikuwa kimekubaliwa, aende akakichukue.

Aliniomba niisome tena. Kisha akauliza, "Wanataka niende mwenyewe?"

"Nitakwenda nawe, mama."

Jumatatu tulikwenda. Ofisini alinishika mkono mpaka jina lake lilipoitwa.