Mkoba Niliojipandishia Bei Mwenyewe

Kanisani kwetu Kanja, ibada ikiisha tunapiga mnada wa ndizi na kuku za sadaka. Ukitaja bei na watu wanyamaze, unajiongezea mwenyewe, wanakupigia makofi mpaka mabati yanatetemeka. Mimi ndio bingwa. Kuna jogoo nilinunua bei ya ng'ombe.

Sasa juzi nilitaka mkoba wa kuenda kuona wakwe wa msichana wangu, juu ule wangu umetoboka hata simu inachungulia njia. Nikapata mmoja wa ngozi kwa mnada wa mtandao. Nikaandika mia tano. Kimya. Nikaandika mia nane. Kimya. Nikaona aibu, nikaandika elfu mbili.

Msichana wangu akanipokonya simu. "Mum, unashindana na nani?"

"Na mimi."

"Na umeuliza zipu inafunga? Umeona ndani?"

Tukaitisha picha. Ndani kumebambuka kama mgongo wa mamba! Muuzaji, mtu wa roho safi, akafuta bei zangu zote.

Kwa mkoba wa pili niliangalia picha za ndani, nikaandika bei mara moja, nikakalia mikono mpaka mnada ukafungwa. Kwa wakwe, huo mkoba ulisalimiwa kabla yangu.