Bata Niliyemsahau Mbarara

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninapowasikia ninyi vijana mnaojifunza kompyuta hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale mkirushiana maneno yenu mapya. Mnanifurahisha. Nami nilikuwa na yangu, na nusura yamnyime mtoto wa watu macho yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiandika programu katika ofisi moja ndogo ya Mbarara. Aliyenifundisha ni Mzee Tumusiime wa Biharwe, mtu wa zile kompyuta za zamani zenye mgongo mnene. Kabla ya kazi yenyewe alinipa lugha ya mafundi wa enzi zake. Kosa lililojificha ndani ya programu tuliliita mdudu. Programu iliyosokotana hadi mwenyewe haielewi ikawa tambi. Na juu ya meza yake alikaa bata wa plastiki, wa manjano, kwa maana mafundi hao wana desturi: ukishindwa kuliona kosa lako, mweleze bata kazi yako kwa sauti, mstari kwa mstari. Bata hajui kitu, kwa hiyo huwezi kuruka hatua hata moja. Mimi kuongea na bata niliona aibu, lakini maneno niliyapenda kupita kiasi. Jumapili nilirudi Nakivale nikawamwagia wenzangu wa kwaya mdudu na tambi, nao wakaniona msomi. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma.

Basi ikaja kazi ya watoto wa hapa kambini wenye ugonjwa wa macho. Gari lilikuwa liwachukue asubuhi moja wakapasuliwe Mbarara, na programu yangu ndiyo iliyopanga majina. Mimi na Mzee tulifika hapa mchana wa kuamkia safari hiyo, tukaunganisha kompyuta kwenye jenereta ya kanisa, tukabandika orodha mlangoni. Mama Mapendo, mkulima wa kwetu Kivu ya Kusini, alisomewa orodha ile mara mbili, kisha akanijia na binti yake wa miaka sita mgongoni. Jina la Mapendo halikuwamo, na daktari mwenyewe ndiye aliyemwandikisha.

Nilijua kuna kosa. Liko wapi, sikujua, na kusema sijui mbele ya watu wa nyumbani kulinishinda. Nikasema, "Mama, ni mududu tu ndani ya programu. Mapendo atakwenda na gari ingine."

"Gari ingine ni ya lini?"

Gari jingine halikuwapo.

"Dada, miye sijue mambo ya badudu," akasema polepole. "Mutoto wangu haone."

Mzee Tumusiime alikuwa amesikia yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Bata iko wapi?"

"Nimemsahau Mbarara, Mzee."

"Basi eleza huyu mama. Yote, polepole. Na hiyo maneno yetu ya mdudu, ya tambi, weka chini kwanza. Hiyo maneno ni ya kutafuta kosa. Wewe nafanya nayo pazia."

Yaliniuma, sikufichi. Nikavuta benchi, nikaketi karibu na yule mama, nikaanza kwa Kiswahili cha kwetu. "Mama, mashini inasoma kwanza jina ya baba mwenye nyumba. Kisha inasoma jina ya mutoto. Kama hazifanane, inasema huyu si mutoto wa hii nyumba, inamuondoa..."

Mama Mapendo alinitazama kwa mshangao. "Lakini dada, kwetu ni nani anabeba jina ya baba yake?"

Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mimi naitwa Riziki, na baba yangu aliitwa Bisimwa! Nilikuwa nimefuata kitabu nilichosomea, ambamo kila mtoto hubeba jina la baba, nikaandika programu ambayo ingenifukuza hata mimi nyumbani kwa baba yangu. Nyani haoni kundule. Nilifuta mistari mitatu, nikaanzisha programu upya, na orodha ikatoka na Mapendo, pamoja na watoto wengine wanane wa kwetu ambao hakuna aliyekuja kuwaulizia. Nikalia mbele za watu, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Aliyenifuta kwa pindo la kitenge chake ni yule yule niliyemkosea.

Asubuhi Mapendo alipanda gari. Leo ni fundi cherehani pale Rwekubo, na uzi anautia mwenyewe tunduni mwa sindano. Kila nikipita husimama nimtazame akiutia, na moyo wangu hutulia.

Mwanangu, yapende maneno ya kazi yako. Waliotutangulia wametuachia matamu, na mkiwa mafundi kwa mafundi yatumieni mpaka mchoke. Lakini mtu akikujia na shida yake, mpe neno analolijua, na kama hujui, sema sijui. Mficha uchi hazai. Na ukikosea, keti na yule uliyemkosea, umweleze hatua kwa hatua ulichofanya, maana huenda jibu analo yeye tangu alipozaliwa.

Mungu wa baba zetu aibariki mikono yako, isimtoe mtoto wa mtu orodhani. Na siku utakayomsahau bata wako, akuletee mama mmoja wa kukuuliza.