Mpungate Uliofunga Ramadhani

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, mvua ya masika inanyesha mtaa wa Vuga. Mcha Mmanga amekaa barazani na mwavuli wazi, lakini mwavuli haumfuniki yeye. Umefunika kopo la maziwa lenye mpungate mdogo, mviringo wa miiba usiozidi yai la kuku. Yeye mwenyewe shati limemganda mgongoni.

Wapita njia wameshazoea. Wanamsalimu, kisha wanauliza hali ya mgonjwa.

Mcha, mwenye miaka hamsini na miwili, mkaazi wa Ng'ambo, ni mtunza bustani. Mwaka wa tisa huu anafanya kazi katika nyumba hii, kwa shilingi themanini kwa mwezi. Bibi mwenye nyumba, Mzungu anayependa mimea kuliko wageni, alifunga nyumba akaenda kwao likizo mwezi wa Januari. Alimwachia mipungate miwili ya jangwani na onyo moja: atarudi baada ya Idi, na asipoikuta hai, Mcha atafute kazi pengine.

"Mikarafuu naijua, miwaridi naijua," anasema. "Huyu nliambiwa ukimnywesha sana hufa. Nkajiuliza, kiumbe gani huyu?"

Alijifunza taratibu. Udongo wa bustani haufai, kwa hiyo huchanganya vigae vya mtungi na mchanga wa pwani uliooshwa mara saba mpaka chumvi ikatoka. Chini ya kopo ametoboa matundu kwa msumari. Jua la asubuhi ruhusa, mvua hapana, na maji ni kikombe kimoja cha kahawa kila siku kumi na nne.

Mimea haikumsumbua. Waliomsumbua ni majirani, watu wenye huruma isiyo na breki. Bi Mize, mjane wa nyumba ya pili, alimwaga kata nzima ya maji kila alipopita. Wanaume wakimaliza kutia udhu walimiminia makopo maji yaliyobaki kwenye birika, maana maji hayo si ya kutupwa ovyo. Mcha akikataza, aliambiwa ana roho mbaya.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, mwaka huu wa 1956, akapata ujanja. Akatangaza barazani kwamba mipungate imefunga.

Neno lilikubalika papo hapo. Mchana kutwa hakuna aliyetia hata tone, na Mcha akajiona mtu wa akili sana. Jioni mzinga wa futari ukalia. Bi Mize akatokea na kata ya maji na tende moja, nyuma yake majirani sita, kila mmoja anataka thawabu za kufuturisha.

Mchezo ukawa huo kila magharibi. Kabla ya kumi la pili la mwezi kwisha, mpungate mmoja ulikuwa umeoza hadi mizizi. Mcha hafichi kwamba alilia.

"Kazi ya miaka tisa," anasema, "na kilichoiponza ni mdomo wangu."

Hakugombana na mtu. Aliutia mpungate marehemu kwenye sahani, akampelekea Bi Mize aubonyeze mwenyewe. Bibi aliubonyeza, maji yakamchuruzika vidoleni. Tangu siku hiyo, yeyote anayekuja na birika hukutana na mkongojo wake.

Mpungate uliobaki una kitumba chekundu utosini. Mcha anaomba kichanue siku bibi wa Kizungu atakaposhuka melini. Lakini Bi Mize, mlinzi wa mpungate, ana dukuduku.

"Bwana Mcha, siku ya Idi kufunga ni haramu," anamwambia. "Huyu tutamfanyaje?"

Mcha anamwonyesha alama za chaki ukutani, anazohesabia siku za maji. Amezihesabu upya, na siku ya kunywesha ameisogeza iangukie Idi.

"Siku hiyo utampa wewe, Bi Mize. Kikombe kimoja tu."

Mzinga unalia. Bi Mize anatoka na kata, analipita kopo bila kulitazama, anamkabidhi Mcha afuturu. Kikombe cha Idi kimeshaoshwa. Kipo dirishani kwa Bi Mize, kimefunikwa kitambaa, tangu juzi.