Kondo Halina Jina la Mtu

Nilimpiga mkunga teke la kifua. Naanza hapo ili asije mtu akasema nimeficha. Akina mama wa kanisa, mliniomba nieleze jinsi Mungu alivyonitoa mdomoni mwa kaburi, nami nitaeleza yote, pamoja na teke.

Kabla ya hapo nilikuwa mke mwenye adabu. Nimesoma mpaka darasa la kumi, lakini hapa Iyula nililima mahindi na kuchuma kahawa kama wengine. Mume wangu, Yona, alikuwa huko Saza kwenye mgodi wa dhahabu. Alikuja likizo, akarudi kazini, nikabaki na mimba.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kiume, akalia vizuri. Kondo la nyuma halikufuata. Kwetu kitovu hakikatwi mpaka kondo litoke. Basi mwanangu akalazwa juu ya ngozi ya mbuzi kati ya miguu yangu, uchi, bado tumeunganishwa, na ukungu unaingia mlangoni. Damu ilinitoka mabonge mabonge, kisha ikawa inachuruzika tu bila kukoma. Mkunga wetu, Bibi Sela, alinikanda tumbo, akanitia mwiko kooni nitapike ili nisukume. Wapi!

Akakaa chini, akafuta mikono. "Kondo limeshikwa na jina," akasema. "Taja mwanamume."

"Mume wangu ni Yona."

"Huyo tunamjua. Taja mwingine."

Nje ya mlango alikuwa ameketi Mzee Yeremia, mzee wa kanisa, kofia magotini, akingoja jina kama mtu anayengoja chai. Nilimsikia akisema, "Hatuwezi kumpeleka hospitali ya misheni na dhambi yake. Aungame kwanza." Wanaume wa kunibeba walikuwepo. Machela ilikuwepo. Lililokosekana ni jina tu.

Mama mkwe wangu akaniinamia. Machozi yake yalinidondokea shavuni. Akaninong'oneza: "Mwanangu, taja yeyote. Nilipomzaa Yona ilikuwa hivi hivi. Nikataja mtu ambaye hata maji sijawahi kumpa. Kondo likatoka."

"Na yule mtu, mama?"

"Walimtoza ng'ombe. Akahamia Ndalambo. Hakurudi."

Masikio yalikuwa yanavuma, midomo imekufa ganzi. Na jina lilikuwa karibu: mwalimu wa kwaya, kijana mpole, aliwahi kuniazima kitabu cha nyimbo. Ningemtaja, ningebebwa. Nikasema moyoni: Bwana, wewe unajua nilivyoishi. Sitanunua uhai kwa kumsingizia mtoto wa watu. Nishike wewe, maana hawa wamekataa. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Hofu tu ilipungua, kama vile mtu mzima ameketi kando yangu na haondoki.

Mara mtoto akaacha kulia. Nikamtazama. Midomo ilikuwa ya buluu.

"Unaona?" akasema Bibi Sela. "Unamuua kwa kiburi cha shule."

Ndipo nikampiga teke. Akaangukia kuni. "Kateni kitovu!" nikapiga kelele. "Kateni, la sivyo nakikata kwa meno!"

Kisha mama mkwe akachomoa nyuzi kwenye pindo la kanga yake, akafunga kitovu huku na huku, akachukua wembe, akakata. Akamtia mtoto kifuani, ndani ya nguo, akatoka nje na damu mikononi. Nilimsikia: "Yeremia, ondoka mlangoni kwangu! Nyie, mbebeni, au nimbebe mwenyewe mgongoni mkione."

Wakanibeba. Njiani nilizimia, nikazinduka, nikazimia tena. Hospitalini daktari alinawa mpaka viwiko. "Mkono wangu utaingia mpaka ndani. Utaumia sana," akasema. "Na habari za mguu wako zimenifikia, kwa hiyo tutaushika."

Maumivu yale siwezi kuyaandika. Kondo likatoka vipande vipande.

"Lilinata kwenye mfuko wa uzazi," akamwambia mama mkwe. "Hutokea. Nimelishika kwa mkono huu, mama. Halina jina la mtu."

Baadaye homa ilinipanda, nikatokwa na uchafu wenye harufu mbaya hata mimi mwenyewe nikageuza uso. Nilichomwa sindano mpaka nikashindwa kukaa. Mama mkwe hakuniacha. Homa ikashuka. Sasa mtoto anatambaa na kula udongo.

Namshukuru Mungu aliyenishika nilipokuwa sina pa kushika. Nanyi akina mama, mtegemeeni yeye, na damu isipokoma pigeni kelele. Kelele si ukosefu wa imani.

Nilipoweza kutembea nilikwenda mbele ya baraza la wazee wa kanisa na malalamiko haya kwa maandishi:

"Namlalamikia Mzee Yeremia kwa kuwazuia watu kunipeleka hospitali nikiwa navuja damu. Naomba mwanamke aliye kwenye uzazi asiulizwe tena jina la mtu yeyote. Naomba pia atumwe mjumbe Ndalambo, akamwambie mtu aliyetozwa ng'ombe wakati wa kuzaliwa kwa mume wangu kwamba alisingiziwa, na njia ya nyumbani iko wazi."

"Hili la mwisho," akauliza karani, "shahidi wake nani?"

Mama mkwe akasimama. Akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya jina langu.