Kombe la Baba

Baba alikuwa ameshazikwa tulipopanda treni kwenda kumwuguza. Bibi alijua. Ami alijua. Mwalimu wa chuo, aliyeandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi na kulitia kombe hilo chupani ili mgonjwa anywe, yeye pia alijua. Nadhani Msambweni nzima ilijua, isipokuwa mama na mimi.

Nakueleza haya kwa sababu juzi nimepita Taru kwa treni hii mpya, ya vioo visivyofunguka, na hasira niliyodhani imekwisha ikanipanda upya.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mwenye nyumba mbili, moja ufukweni Galu, nyingine milimani Taita alikokimbilia joto likizidi. Mzungu alipohama, baba alihama naye. Mwaka ule walipanda mlimani kama kawaida, kisha dereva wa Mzungu akashuka peke yake na habari. Kwa mama habari ilifika imekatwa: bwanako anaumwa, anakutaka.

Mama alijifunga kama anayekwenda arusini. Alipika mkate wa kumimina, akapanga samaki wakavu wa ng'onda kikapuni, akanivalisha gauni la Idi. Tulipanda basi hadi Likoni, tukavuka kwa feri, tukaingia treni ya asubuhi, ile ya mizigo na abiria iliyosimama kila penye vibanda viwili. Viti vilikuwa vya mbao na vilitufinya. Chupa ya kombe mama aliipakata mwenyewe, hakumpa mtu.

Minazi iliisha, miiba ikaanza, na vumbi jekundu likatuingia hadi kwenye meno. Mimi nilitoa kichwa dirishani nikifurahi. Mama naye alikuwa na maneno mengi.

"Shemeji, kakako atanilaumu kabla ya salamu. Atasema mkate una sukari haba."

Ami alitazama nje.

"Mbona umenuna? Ama ni njaa?"

"Ni moshi tu, shemeji."

Taru wanawake walikuja chini ya madirisha na mayai ya kuchemsha na maziwa kwenye vibuyu. Mmoja alimwuliza mama, "Mwenda wapi na mtoto mzuri hivi?"

"Mlimani, kumwuguza bwanangu."

"Mola amponye."

"Amin," mama akasema.

Bibi, ambaye aliitikia hata dua za watu asiowajua njiani, alinyamaza, akavuta leso usoni. Nililiona hilo. Sikujua maana yake.

Voi dereva alikuwa akitungoja na gari la Mzungu. Alitusalimu akiangalia viatu vyake. Tulipanda kwa kona baada ya kona, ukungu ukashuka, na baridi niliyokuwa sijawahi kuijua ikaniingia mifupani. Mama alinifunika kanga yake moja akabaki na moja. Mlangoni mwa chumba cha baba, nyuma ya jiko, aliita, "Hodi, mgonjwa." Bibi ndiye aliyemshika mkono.

"Kaa chini, mwanangu. Mumeo tumeshampoteza. Ningekwambia nyumbani, ungeanza eda papo hapo, usingetoka. Nilitaka uone alipolala."

Mama alikaa, chupa bado mapajani.

"Sasa nimeambiwa," alisema. "Eda imenikuta hapa. Sitoki."

"Ni hapo tu, mwanangu, nyuma ya miti ile."

"Sitoki, mama." Kisha akamnyooshea ile chupa. "Kunywa wewe. Mgonjwa ni wewe."

Katika ukoo wetu hadi leo jambo lile huitwa huruma. Mimi sikubali. Huruma gani ya kumwacha mjane ashinde kutwa nzima akicheka, akipanga atakavyomlisha mtu aliye mchangani, huku wenzake wakimtazama? Walimficha kifo ili aone kaburi, na kaburi lenyewe hakuliona. Wangemwuliza kwanza angependa lipi. Hakuna aliyemwuliza.

Ami alikwenda kaburini na dereva. Aliporudi, mama alimwuliza akiwa ndani, pazia limeshushwa.

"Nani alimwosha?"

Ami alikuwa ameuliza. Mtunza bustani alisema yeye alichimba tu. Dereva alisema siku ile alikuwa Voi. Mzungu aliulizwa barazani, akajibu kwamba kila kitu kilifanywa vizuri, akaingia ndani kunywa chai yake. Kwenye nyumba ile Mwislamu alikuwa baba peke yake.

Mama aliuliza swali lile kwa kila mtu aliyeshuka kutoka Taita, maisha yake yote. Alipofariki tulimwosha mimi na wanawake jirani zake, na mimi ndiye niliyemmiminia maji ya mwisho. Aliyemmiminia baba, kama yupo, sijamjua.