Nyanya Alivyokataa Kumwacha Daudi

Enzi zetu, sisi watoto wa wahamiaji wa mtaa wa Lozells, huku ughaibuni, miaka ya sabini, hatukuwa na Jumamosi za kulala. Tulipanda basi hadi Northfield, kisha tukatembea katikati ya mashamba mpaka kanisa dogo la kijijini. Baba alibeba jembe. Mama alibeba flaski ya chai na chapati zilizofungwa kitambaani, na harufu yake ilitutesa njia nzima. Tulikuwa tunakwenda kupalilia kaburi la Daudi.

Daudi alikuwa mdogo wetu. Nimonia ilimchukua kabla hajaota meno. Kasisi wa pale, ambaye Mama alikuwa amemuuguza hospitalini, ndiye aliyetupa nafasi ya kumzika. Mawe mengine yote ya makaburi yalikuwa ya wenyeji wa kijiji.

Halafu Nyanya, mama yake Baba, akaja kutoka Kenya kusaidia kutulea. Tulipompeleka kaburini, aliketi kwenye nyasi mbichi, akavua glavu, akalipapasa lile jiwe.

"Mmemwacha mtoto peke yake na watu asiowajua?"

Akang'oa gugu moja, akalitupa kando.

"Basi mimi sirudi. Nikifa, nilazeni hapa."

Alifariki majira ya baridi. Kaka mkubwa wa Baba akapiga simu kutoka nyumbani Kenya, kwa jirani yetu maana sisi hatukuwa na simu, akasema mama wa boma hazikwi ugenini. Baba, aliyefanya kazi kiwanda cha magari Longbridge, hakuwa mtu wa maneno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ninyi mko wengi huko," akasema. "Daudi ana nani?"

Tulimzika Nyanya kwenye theluji, tukiimba kwa Kiswahili huku midomo ikitetemeka. Baba mkubwa alinuna miaka mingi. Siku moja akaja mwenyewe mpaka kaburini, kisha akamwomba Baba jembe.

Baada ya hapo familia nyingine za kwetu zilianza kuomba nafasi karibu na Nyanya, hata ile kona ikawa yetu.

Watoto wetu wa leo hutazama utabiri wa mvua kwenye simu kwanza. Ikitishia, wanaahirisha, nao wamo ndani ya gari lenye hita. Jina la Nyanya wanalitamka kwa kujikwaa, kama jina la dawa. Siwalaumu, hawakumjua. Lakini zamani tulikuwa na kaburi moja na mikono tele ya kulipalilia. Sasa makaburi yamejaa kona nzima, na Jumamosi nyingi tunaopiga magoti pale ni mimi na dada yangu tu.